Majani yanayolinda chembe nyekundu: kwenye kichupa na kwenye mwili wa mtoto

Swali: "Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka saba na ana selimundu. Tunahudhuria kliniki ya mkoa, anatumia haidroksiurea na vidonge vya foliki. Jirani ameniletea unga wa majani, mchanganyiko wa mpera, mlonge na mbaazi, wa kuchemsha na kunywa kikombe asubuhi na jioni. Ndani ya pakiti kuna karatasi inayosema utafiti umethibitisha kuwa dondoo za majani haya zinalinda chembe nyekundu za damu zisipasuke kwa asilimia 80, kuliko hata aspirini. Je, nimpe? Na akiendelea vizuri, naweza kuachana na dawa za hospitali?" Mama wa Muheza.

Marahaba, mama, ingawa mimi si daktari wa wodini. Kazi yangu ni ya maabara. Damu naijua zaidi ikiwa ndani ya kichupa kuliko ikiwa ndani ya mtu, na utaona mbele kwa nini nimeanza kwa kukiri hilo.

Nitajibu la mwisho kwanza, maana ndilo lisilosubiri. Haidroksiurea usiiache. Usipunguze dozi wala usiruke siku, hata kama mwezi mzima mtoto hajalalamika mguu wala kifua. Mwezi ukipita bila maumivu, ujue huenda ni dawa hiyo hiyo inayofanya kazi. Sasa tuje kwenye unga.

Hiyo karatasi huenda haisemi uongo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kipimo kinachotoa hizo asilimia nimekifanya mwenyewe mara nyingi kiasi cha kuweza kukusimulia kama mtu anavyosimulia kupika wali. Unachukua damu, aghalabu ya mwanafunzi mwenzako asiye na ugonjwa wowote, unaiweka kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia isigande. Unaizungusha kwenye mashine mpaka chembe nyekundu zikae chini na majimaji ya njano yabaki juu. Majimaji unayamwaga. Chembe unaziosha mara tatu kwa maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita, kipimo kinachokaribia chumvi ya damu yenyewe. Kisha unazigawa: kichupa hiki unatia dondoo, yaani maji yenye viini vya majani yako, kile unakiacha hivyo hivyo, kingine unatia aspirini au daiklofenaki, dawa za maumivu. Halafu unazitesa. Ama unapunguza chumvi, maji yaingie ndani ya chembe zivimbe, ama unaviweka vichupa kwenye maji ya moto wa nyuzi 56 kwa kama nusu saa. Unazungusha tena, unatazama.

Kichupa ambacho hakikulindwa kinakuwa chekundu kuanzia juu hadi chini, kama juisi ya rozela. Chembe zimepasuka na himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni, yote imemwagika. Kilicholindwa kina maji meupe juu na kifungo chekundu kimetulia chini. Ni kitu cha kupendeza macho, sikufichi. Mashine inasoma wekundu wa yale maji ya juu, unapiga hesabu, unapata asilimia 80 yako, unakwenda nyumbani umefurahi.

Ila jiulize, damu ile ilikuwa ya nani, na iliteswa na nini? Ilikuwa ya mtu mzima, mzima wa afya, na iliteswa kwa moto au kwa kupunguziwa chumvi. Mwanao haumwi moto. Wala hiyo aspirini kwenye karatasi haikuwekwa kwa sababu inatibu selimundu, maana haiitibu. Iliwekwa kwa sababu kipimo kile kilibuniwa kutafuta dawa za uvimbe na maumivu ya viungo. Ndani ya seli nyeupe mna vifuko vidogo vya vimeng'enya, vikipasuka vinachochea uvimbe, na ngozi ya vifuko hivyo inafanana kiasi na ngozi ya chembe nyekundu. Chembe nyekundu ni rahisi kupata, basi inasimamishwa mahali pa vile vifuko, kama mwanasesere anayetumiwa kuwafundishia wakunga. Mwandishi wa utafiti anajua kuwa anamshika mwanasesere. Anayechapa karatasi za kutia kwenye pakiti anaandika "mtoto amezaliwa salama".

Tatizo la mwanao liko ndani ya chembe. Himoglobini yake imebadilika mahali pamoja tu, kiungo cha sita katika mnyororo wenye viungo 146. Ikishaachia hewa ya oksijeni kwenye misuli na viungo, inashikamana na wenzake na kufanya nyuzi ngumu. Nyuzi zinaivuta chembe ikunjike kama mundu, inakwama kwenye mishipa myembamba, na hapo ndipo mtoto analia usiku. Ikirudi kwenye mapafu inanyooka, ikitoka inakunjika tena, hadi ngozi yake inachoka na kupasuka. Chembe ya kawaida huishi siku kama 120, yake huishi siku 10 hadi 20. Kwa hiyo kupasuka ni mwisho wa safari ndefu, na kuimarisha ngozi bila kuzigusa zile nyuzi ni kama kushona gunia lililojaa misumari.

Kuhusu mpera nina kisa changu. Nikiwa mwanafunzi nilipima majani yake, na kadiri nilivyozidisha ukali ndivyo chembe zilivyozidi kukataa kupasuka. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwa cha habari. Fundi mmoja wa maabara, mzee aliyekuwa amebakiza miezi michache kustaafu, akaniambia nizioshe zile chembe zangu nzuri kisha nizitie kwenye maji matupu, yasiyo na chumvi hata punje. Chembe hai ya damu kwenye maji matupu inapasuka papo hapo. Zangu zilikaa tu. Mzee akacheka: "Hujazilinda, umezitengeneza ngozi."

Alikuwa sahihi. Majani ya mpera yana tanini kwa wingi, ule ukakasi unaousikia ulimini ukiyatafuna. Tanini ndiyo iliyomo kwenye magome ya mikoko, yaliyokuwa yakivunwa Rufiji na Lamu na kusafirishwa ng'ambo kutengenezea ngozi za wanyama. Inazifunga protini zikakamae. Wataalamu wa kinga ya mwili wanalijua jambo hili tangu 1951, Stephen Boyden alipoonyesha kuwa chembe nyekundu iliyotiwa tanini hushika protini nyingine juu yake, na kwa miaka mingi maabara zilizitumia chembe hizo kama vifaa vya kupimia. Ni vifaa tu, haziwezi tena kupenya kwenye mshipa mwembamba. Asilimia 80 ya namna hiyo mimi siitaki ndani ya mtoto, na ahueni yetu ni kwamba tanini ya kwenye kikombe cha majani huishia zaidi utumboni, ambako inafunga kuhara na, bahati mbaya, inazuia pia madini ya chuma ya kwenye chakula yasiingie vizuri.

Usidhani nadharau majani. Kuna kipimo kingine chenye heshima zaidi. Hapo unachukua damu ya mgonjwa wa selimundu mwenyewe, unatia dondoo, unainyima oksijeni kwa kemikali, kisha unakaa kwenye hadubini unahesabu moja moja: hii mundu, hii duara, hii mundu. Shingo inauma. Mwaka 1971 Sofowora na Isaacs wa Nigeria walichapisha kuwa mzizi wa mti mmoja ambao watu wa huko huutumia kama mswaki unazirudisha chembe zilizokunjika kwenye umbo lake. Chuo Kikuu cha Kinshasa kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya mimea ya Kongo yenye rangi za zambarau na nyekundu zinazozuia chembe kukunjika. Huko anayepigwa ni adui mwenyewe.

Kinachobaki ni safari ya kutoka kikombeni hadi ndani ya chembe, na humo ndimo dondoo nyingi zinamopotelea. Tupige hesabu ya mtoto wako. Tuseme ana kilo 20, ana damu kama lita moja na nusu. Vipimo vingi vya kichupa hutumia dondoo kama nusu miligramu kwa mililita. Ili damu yake yote ifike ukali huo, miligramu 750 za dondoo kavu zinatakiwa ziwe ndani ya mishipa kwa wakati mmoja, na zibaki humo. Anachokunywa hakifiki hivyo. Sehemu kubwa ya viini vya majani inapita na choo au inakatwakatwa na bakteria wa utumbo, inayoponyoka inakutana na ini linaloibadilisha umbo, na kinachoingia kwenye damu ni kidogo na hukaa saa chache. Ukisema basi nizidishe vikombe, unakutana na figo. Figo za watoto wa selimundu zinaumia mapema kwa ugonjwa wenyewe, si za kujaribiwa.

Sasa hina. Hili ndilo ningependa kila mama wa pwani alisikie. Mwaka 1982 watafiti waliandika kuwa rangi ya jani la hina, ile inayobaki nyekundu kiganjani, inaifanya damu ya selimundu iing'ang'anie oksijeni zaidi. Himoglobini inayong'ang'ania oksijeni haiundi nyuzi upesi. Ukisoma hapo tu, hina ni dawa. Lakini madaktari wa nchi za Ghuba wameandika habari za watoto wachanga waliopakwa hina mwilini, na baada ya siku chache macho yakawa manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, damu ikashuka hadi kuhitaji kuongezewa. Watoto hao walikuwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho ndicho chembe nyekundu inakitegemea kujikinga na vitu vinavyoiunguza. Jani ni lile lile, rangi ni ile ile. Kwenye kichupa cha mmoja ilisaidia, kwenye mwili wa mwingine ilipasua. Na upungufu huo si jambo adimu katika pwani yetu, hasa kwa watoto wa kiume, kwa sababu kama selimundu ya upande mmoja, ile inayorithiwa kwa mzazi mmoja tu, umeenea palipokuwa na malaria kwa vizazi vingi. Mtoto anaweza kuwa navyo vyote viwili. Hina ya kucha kwa dada zake siku ya Idi sina ugomvi nayo. Kwa mtoto mchanga ambaye hajapimwa G6PD usimpake, na kunywa hina iliyochemshwa, kama wapo wanaokushauri, kataa.

Kuna na majani yanayotoa povu ukiyasugua majini. Povu lile ni saponini, na sisi maabara saponini tunainunua makusudi kupasua chembe nyekundu tunapotaka kuwatoa vijidudu vya malaria waliojificha ndani yake. Tumbo hulizuia kwa kiasi kikubwa, lakini usikubali mtu akwambie kila kijani kinajenga damu.

Je, kuna majani yaliyofika hadi kwa wagonjwa na kupimwa sawasawa? Yapo, na yamepita karibu na jikoni kwako. Taasisi ya utafiti wa dawa ya Abuja, chini ya Profesa Charles Wambebe, iliichukua dawa ya mganga wa jadi wa Nigeria na kuifanya kidonge kilichoitwa Niprisan. Ndani yake mna mimea minne, na miwili unaijua: karafuu na majani ya mtama. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 82, na vipindi vya maumivu makali vikapungua, ingawa wingi wa damu haukupanda. Nigeria ikairuhusu kuuzwa mwaka 2006 kwa jina la Nicosan. Miaka miwili baadaye kampuni ya Marekani iliyokuwa na leseni ikafilisika, na dawa ikayumba. Mbaazi nayo imejaribiwa huko huko Nigeria, lakini punje zake, si majani. Maumivu yalionekana kupungua, na wingi wa damu ukaonekana kuelekea kushuka kidogo, tofauti isiyotosha kusema kwa uhakika ni hasara au ni bahati. Ukijumlisha majaribio hayo mawili, ni wagonjwa 182 tu. Huo ndio msingi wote mzuri niujuao wa mimea kwa selimundu ndani ya miili ya watu, na hakuna mahali ndani yake palipo na mchanganyiko wa mpera, mlonge na majani ya mbaazi.

Weka hilo pembeni ya haidroksiurea. Watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda waliianza dawa hiyo katika jaribio moja lililotolewa matokeo mwaka 2019. Kabla ya dawa, vipindi vya maumivu vilikuwa kama 98 kwa kila watoto 100 kwa mwaka, baada ya dawa vikawa kama 45. Kuongezewa damu kulishuka kutoka 43 hadi 14. Malaria ilipungua kwa nusu, na vifo vikapungua pia. Kilifi ni jirani yako, mama, na watoto wa huko walikuwemo. Dawa hii inaamsha ile himoglobini ya utotoni, ya tumboni mwa mama, ambayo haikubali kuingia kwenye nyuzi. Inapunguza misumari yenyewe ndani ya gunia.

Na kupandisha wingi wa damu peke yake hakutoshi, hata kwa dawa za kizungu. Vokselota, dawa ya selimundu iliyobuniwa kwa wazo linalofanana na lile la hina, ya kuifanya himoglobini ing'ang'anie oksijeni, iliruhusiwa Marekani mwaka 2019 kwa sababu ilipandisha damu. Septemba 2024 watengenezaji waliiondoa sokoni dunia nzima, baada ya takwimu kuonyesha maumivu na vifo visivyoeleweka kwa waliokuwa wakiitumia. Ile ilikuwa na kiwanda, vipimo na maelfu ya kurasa nyuma yake. Pakiti ya jirani ina karatasi moja.

Basi nikujibu jani moja moja. Mlonge mpe kama mboga. Majani mabichi yaliyopikwa na karanga au nazi ni chakula kizuri, yana foliki na protini, sawa na mchicha, kisamvu au matembele unayompa siku zote. Kijiko cha unga kwenye uji hakinitishi. Mbaazi mpikie mbaazi, za nazi, na mahamri kama yapo. Maji ya mpera waachie watu wazima wenye kuhara. Huo mchanganyiko wa kuchemsha asubuhi na jioni usimpe, na sababu yangu kubwa si kwamba nina hakika ni sumu. Mtoto anayetumia haidroksiurea anapimwa damu mara kwa mara, kuangalia seli nyeupe na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zisishuke mno. Zikishuka wakati anakunywa kitu kisicho na kipimo, daktari hatajua apunguze nini, na mara nyingi kitakachopunguzwa ni kile kinachomsaidia.

Kuwa mwangalifu pia na unga au dawa yoyote ya maji inayotangazwa kuwa "inaongeza damu" kwa madini ya chuma. Upungufu wa damu wa selimundu hautokani na njaa ya chuma. Chembe zinazopasuka zinaacha chuma chake mwilini, na kama amewahi kuongezewa damu, kila chupa ilikuja na chuma chake. Chuma apewe tu akipimwa na kuonekana kimepungua. Foliki ni sawa, aendelee nayo.

Kama umeshampa kikombe kimoja viwili kabla ya kuniandikia, usiogope wala usimfiche nesi. Nenda na pakiti yenyewe kliniki, pamoja na ile karatasi, waiandike kwenye faili lake, na omba apimwe G6PD ikiwa hajawahi. Katika siku hizi chache tazama mkojo wake asubuhi: ukiwa wa rangi ya kahawa, au macho yakizidi manjano kuliko ulivyozoea, mpeleke siku hiyo hiyo. Homa, kupumua kwa shida, tumbo kuvimba upande wa kushoto penye bandama, au mkono na mguu wa upande mmoja kulegea, hayo hayasubiri asubuhi, hata kama hajaonja jani lolote.

Kwa jirani, mwambie asante, mwanao anakula mlonge wake kwa ugali. Pakiti ikibaki, muulize kama imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kama ana namba ya usajili, niandikie uniambie, nitaitazama.